Florent Ana Nyumba Mbili

Mama Apolonia, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nilipokuwa mwanafunzi na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini leo nimekaa ndani ya gari nje ya maktaba hapa Carrollton tangu saa nne asubuhi, na sina mtu mwingine wa kumwambia jambo hili bila habari kumfikia bosi wangu kabla ya jioni, maana Watanzania wa huku tunajuana, na nusu yetu yeye ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na naomba unijibu kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu saa tatu asubuhi natakiwa kumpa mama mmoja karatasi aisaini.

Nina miaka ishirini na sita, nimesomea uhasibu, na ni karani katika ofisi ndogo ya kujaza fomu za kodi iliyoko Haltom City, kati ya duka la simu na saluni. Mwenye ofisi nitamwita Kaka Method. Ana ofisi nyingine Houston, upande wa Alief, na ofisi zote mbili zinatumia mfumo mmoja wa kompyuta. Wateja wetu wengi ni Wakongo waliokuja kama wakimbizi, watu wa maghala na viwanda na kazi za kulea wazee, na mimi niliajiriwa kwa sababu najua Kiswahili na kwa sababu, kama Kaka Method alivyosema siku ya kwanza, nina uso wa mtu wa kuaminika. Aliposema hivyo nilifurahi.

Siku hiyohiyo alinipa agizo moja. Alisema mteja akiwa na mtoto mwenye ulemavu anayepokea SSI, ile pesa ya kila mwezi ya serikali kwa walemavu, basi nimwambie kwamba mtoto huyo haandikwi kwenye fomu ya kodi, kwa kuwa serikali hailipi mtu mmoja mara mbili, na akiandikwa SSI yake itakatwa. Niliona lina mantiki. Sikufungua mwongozo kuhakikisha. Mimi niliyefundishwa darasani nisikubali tarakimu ambayo sijui ilikotoka, nilikubali neno zima kwa sababu aliyelisema ni kaka, na ndiye aliyeniandikia barua ya kibali changu cha kazi, na ndiye aliyenionyesha pa kununua unga. Siku hiyohiyo pia aliniomba nenosiri la akaunti yangu ya serikali, ile yenye namba ninayotumia kusaini fomu za watu kama mtayarishaji, akasema ni utaratibu wa ofisi, nikampa. Basi kwa misimu miwili nimeirudia sentensi ile kwa Kiswahili safi na sauti ya upole mbele ya kina mama kumi na wanne. Nimewahesabu.

Mmoja wao ni Mama Bernadette. Mwanawe wa kwanza, Florent, ana miaka ishirini na minne, hasemi, hatembei, analishwa kwa kijiko. Msimu uliopita nilipomwambia kwamba Florent haandikwi, hakusikitika hata kidogo, alinishika mikono yote miwili akanishukuru. "Vizuri sana, dada, usimuandike," alisema. "Kule kambini balimuandika mugonjwa, fishi yetu ikafungwa myaka ine. Benzetu bote bakapanda ndege, sisi tukabakia. Mutoto akiandikwa, anashikwa." Nikaelewa kwamba kwake yeye kuandikwa mgonjwa ndiko kulikofunga faili lao na kuizuia familia nzima kusafiri, na kwamba alikuwa amejifunza kumficha mwanawe asionekane kwenye karatasi yoyote. Nilimwona mtu mwenye hofu ya kambini. Sikuona kwamba hofu yake ilikuwa inamfaa mtu mwingine.

Mwezi huu alirudi. Kanisani kwao mtu wa kujitolea alikuwa amewaeleza kwamba mtoto mwenye ulemavu wa kudumu anahesabika kwenye nafuu ya kodi ya mzazi, ile pesa anayorudishiwa, hata akiwa mtu mzima, na hata akipokea SSI. "Dada, ni bongo ao ni kweli?" aliniuliza, yaani ni uongo au ni kweli. Nikamwambia anisubiri. Safari hii nikafungua mwongozo nikausoma mara tatu, na ilikuwa kweli, na imeandikwa wazi, na imekuwa hivyo miaka yote niliyokuwa nikiwaambia watu haiwezekani. Mama Bernadette akafikiri sana, akasema basi muandike. Nikamwandika Florent, nikaituma fomu.

Haikupita saa moja ikarudi imekataliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba namba ya Florent ya Social Security, ile ya utambulisho wa serikali, imeshatumika mwaka huu kwenye fomu ya mtu mwingine.

Nilingoja Mama Bernadette aondoke, nikaitafuta namba ile kwenye mfumo wetu wenyewe. Florent alikuwemo. Yumo kwenye fomu ya mteja wa ofisi ya Alief, mwanamume asiye na mtoto, na imeandikwa kwamba Florent aliishi naye miezi kumi na miwili, na anwani ya nyumba ipo. Nikatafuta jina la pili katika wale kumi na wanne, na la tatu. Wote wamo. Kila mlemavu niliyemwambia mama yake kwamba haandikwi ameandikwa Alief, kwa watu wasio na watoto, ili wapate wao ile nafuu, na wote kumi na wanne wanaishi kwenye nyumba moja yenye chumba kimoja cha kulala. Chini ya kila fomu, mahali pa mtayarishaji, pana jina langu.

Jioni hiyo nilipitia kwa Mama Bernadette, nikijifanya nimesahau kumpa nakala. Alikuwa kazini. Merveille, binti yake wa miaka kumi, alinifungulia akaniambia kwa Kiingereza kwamba kaka yake yuko kwenye kiti chake kama kawaida. Florent alikuwa dirishani. Aligeuza kichwa akanitazama, na Mama, naona aibu kuandika hili, nilimtazama kama mtu ninayemtilia shaka, kama vile yule wa kwenye karatasi ndiye Florent na huyu anayepumua mbele yangu ni nakala iliyoachwa nyumbani. Nilimsalimia. Akaendelea kunitazama. Merveille akasema, anakuangalia hivyo kwa sababu anakujua. Nikatoka haraka.

Jumamosi niliendesha gari mpaka Houston. Sikumwambia mtu. Nilifika Alief saa sita mchana, jua kali, maegesho matupu, hakuna hata mtoto nje, na nikapanda ngazi nikaipata namba ya mlango. Kabla sijagonga, mlango ulifunguliwa. Bibi mmoja mfupi, Mkongo, amejifunga kitenge, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Ingia, mwana wangu. Weye uko wa ngapi?"

Nikamwambia sielewi. Akaniingiza ndani. Anaitwa Mama Celestine, ni mjane, anaishi peke yake. Sebuleni mwake kuna viti vya plastiki vyeupe vimepangwa kuzunguka kuta zote, na mbele ya kila kiti, sakafuni, bahasha zimerundikwa vizuri na kuwekewa jiwe juu. Nilihesabu viti kumi na vitano. Alinieleza kwamba barua zilianza kuja mwaka jana kwa majina ya watu asiowajua. Kiingereza hakijui, lakini majina anaweza kuyasoma. Niliziona: matangazo ya bima, ya viti vya magurudumu, ya vifaa vya masikioni, maana katika nchi hii jina likishaandikwa mahali matangazo hulifuata hata pasipo na mtu.

"Hawa ni bale balikaa humu mbele ya mimi kuingia," akasema. "Bamekufa. Mutu angali muzima hapate barua mingi hivi na hakuye kuzichukua. Basi nikabapatia viti. Kila asubui nabaita mumoja mumoja, nabaombea. Ni bapangaji bazuri, weye! Choo habatumie, kelele habafanye." Alicheka sana, akanipiga begani. Kisha akaacha kucheka. "Florent ndiye alitangulia kufika. Siku ile kiti chake kililia."

Nikamwambia kwamba Florent yu hai, nilimwona juzi, yuko Haltom City na mama yake. Hakubisha. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema anajisikia vizuri. Akaniuliza jina langu. Nikamtajia. Akarudi nyuma hatua moja, akaenda kwenye kiti cha mwisho karibu na jiko, akainua jiwe, akaleta bahasha moja tu. Ilikuwa na majina yangu yote matatu. "Weye nakuombea tangu Pasaka," akasema, na akanishika mkono juu ya kiwiko, polepole, kama anayepima kama nguo imekauka.

Bahasha yangu haikuwa tangazo. Inatoka IRS, wenye kodi, imeandikwa kwangu kama mtayarishaji mwenye ofisi kwenye anwani ile, inataka maelezo kuhusu fomu nilizosaini na watu wanaodaiwa kuishi hapo. Muda wa kujibu ulikuwa umebaki siku kumi na mbili.

Jumatatu Kaka Method alikuja akakaa kwenye ukingo wa meza yangu. "Mdogo wangu, mbona umekonda? Msimu unakula watu, eh?" Kisha, bila kubadili sauti, "Bibi Celestine hajambo?"

Nilivuta faili la mteja aliyefuata nikalifungua.

"Usiogope karatasi," akasema. "Nani ameumia? Mama mwenyewe hakutaka mwanawe aandikwe. Nafasi ilikuwa wazi, mtu akakaa. Tatizo ni kwamba jina kwenye fomu zote ni lako. Mimi nimejitafuta humo, sijioni." Akaniwekea karatasi moja, maelezo yaliyochapwa vizuri kwa Kiingereza, kwamba Mama Bernadette anathibitisha Florent amekuwa akiishi Alief kwa ndugu tangu mwaka juzi. Akishasaini yeye, alisema, jibu la barua yangu ya IRS linajitosheleza, na wengine tutawafuata mmoja mmoja. Amemwita Jumatatu ijayo. "Wewe umpe tu. Nikimpa mimi atauliza maswali. Wewe anakuamini."

Na ni kweli, atasaini. Hasomi Kiingereza, na ni mimi nimempa. Najua kitakachofuata pia. Akishakiri kwa maandishi kwamba Florent haishi kwake, atakosa nafuu ya kodi, na halafu watu wa SSI watauliza kwa nini amekuwa akipokea pesa ya mtoto asiyeishi naye, na itakatwa, na wanaweza kumdai arudishe, na hiyo ndiyo inayomlisha Florent. Lakini nisipompa, Kaka Method ataondoa barua ya kibali changu, nami nitabaki peke yangu na jina langu kwenye fomu kumi na nne ambazo sikuzijaza.

Jana duka la dawa waliniomba anwani yangu. Mkono wangu ukaandika ile ya Alief, mpaka namba ya mlango, na sikugundua mpaka muuzaji aliponisomea anihakikishie. Mama, nimpe au nisimpe? Na kama nisimpe, nianzie wapi?

Ni mimi, karani, Carrollton

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza toka kwenye hilo gari ule chakula. Barua yako imenisisimua, sikufichi. Nimeisoma mchana kweupe na bado nilisimama kuangalia kama mlango wangu nimeufunga. Lakini hofu isikufanye mjinga. Method hakujua kwa uchawi kwamba ulikwenda Alief. Anwani ile ni yake ya kutumia, bila shaka ana namba ya simu ya huyo bibi, na bibi alimwambia kwamba mmoja wa wenye viti amekuja kuchukua barua yake. Ni hivyo tu. Huyo ni mtu mwenye simu, na mtu mwenye simu anashindika.

Umeniuliza nimpe au nisimpe. Usimpe. Usisaini chochote, usitafsiri karatasi hiyo, usikae hata kwenye chumba inamosainiwa.

Sasa nikugombeze. Ulisoma mpaka chuo kikuu, ukapewa sheria kwa mdomo, ukaibeba kwa watu kumi na wanne bila kuifungua, kwa sababu aliyekupa alikuonyesha duka la unga. Heshima kwa kaka ni kumwamkia na kumpisha kiti. Nenosiri si heshima. Na ulipomwona mama anashukuru kwamba mwanawe hakuandikwa, ulipaswa kushtuka, kwa sababu kazi yako ilikuwa kumwambia kwamba hapa si kambini, hapa asiyeandikwa na mama yake anaweza kuandikwa na mwizi.

Kwa wasomaji wengine walio na mtoto kama Florent niseme moja kwa moja, maana uongo huu unazunguka sana. Kupokea SSI hakumzuii mzazi anayefanya kazi kuomba nafuu ya kodi kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu wa kudumu usiomruhusu kufanya kazi. Umri si kizuizi. Wanachoangalia ni kama anaishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, kama ana namba yake ya Social Security, na kama daktari anaweza kuthibitisha hali yake kwa barua. Pesa ya kodi inayorudishwa haihesabiwi kuwa kipato chake cha SSI, na ukiiweka benki haihesabiwi kuwa akiba kwa miezi kumi na miwili. Mzazi aliyedanganywa miaka iliyopita kwa kawaida ana miaka mitatu ya kurekebisha fomu. Kila nyumba ina mambo yake, kwa hiyo waulizeni wanaojua, na msiishie kwa mtu mmoja mwenye saluni pembeni.

Turudi kwako. Leo hii badilisha nenosiri la akaunti yako ya mtayarishaji. Usifute kitu ofisini, na usibebe mafaili ya wateja, hata kwa nia njema. Chukua daftari lako mwenyewe uandike tarehe kwa tarehe, nani alisema nini, kama ulivyoniandikia mimi, ukiacha viti na vilio vyake. Hivyo mwachie Mama Celestine, ila siku moja urudi umwambie bibi wa watu kwamba naye asisaini kitu. Kesho saa tatu piga simu kwenye kliniki za kodi zinazosaidia watu wa kipato kidogo, zipo kwenye vyuo vya sheria na wanasaidia bure au kwa kidogo sana, utafute mwanasheria, na wa uhamiaji umtafute mbali na Method. Barua ya IRS ijibiwe kabla siku hazijaisha, na ijibiwe kwa ukweli, kupitia mwanasheria huyo. Ipo njia rasmi ya kutoa taarifa kwamba mtu ametumia namba yako. Utaitumia. Fomu ya Mama Bernadette inaweza kwenda kwa posta, kwa karatasi, pamoja na ushahidi kwamba Florent analala Haltom City, na aombewe namba ya siri ya kumlinda ili mwakani asikalishwe tena nyumba ya mtu.

Sitakudanganya kwamba utatoka mzima. Kazi hiyo imekwisha, tangu siku uliyofungua mwongozo. Kibali kinaweza kuyumba. Utahojiwa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya karani aliyedanganywa akasema, na karani aliyejua kisha akamkalisha mama mezani. Mpaka leo wewe ni wa kwanza. Jumatatu saa tatu na dakika tano ungekuwa wa pili, na huyo hata mimi nisingemjibu barua yake.

Limebaki moja, na mwanasheria huenda akaninunia kwa kukuambia hili, lakini mama huyo hawezi kusubiri miadi. Wewe usipompa karatasi, Method atamtafuta mwingine mwenye uso mzuri. Kwa hiyo leo, akitoka kazini, nenda kwake. Usiende na zawadi. Keti pale Florent alipo, msalimie kwa jina, kisha umwambie mama yake kwa Kiswahili chako hicho safi: "Mama, nilichokuambia mwaka jana kilikuwa uongo, nami sikukihakikisha. Jina la Florent limeibwa kupitia ofisi yetu. Utaletewa karatasi inayosema haishi kwako. Usiisaini, hata kama atakayekuletea ni mimi."